Maji ya Magotini

Kuni za mkoko mbichi hazishiki moto kwa kubembelezwa. Saida alikuwa amepiga magoti mbele ya mafiga tangu alfajiri, akipuliza mpaka machozi yakamlengalenga, na kila alipoinua kichwa kuvuta pumzi macho yake yaligongana na ya marehemu mume wake.

Mfaume alikuwa kwenye bango. Walichukua picha ya kadi yake ya kupigia kura, wakaikuza mpaka uso ukawa mpana kama ungo, wakaipigilia kwenye nguzo mbili pale wageni wanapofunga mahema yao. Shati lililoonekana shingoni lilikuwa la kuazima. Saida alilikumbuka, maana yeye ndiye aliyelifua kabla ya kulirudisha kwa mwenyewe. Chini ya picha waliandika KAMBI YA MFAUME kwa rangi nyeupe, na chini yake tena maneno ya Kiingereza. Saida hakukijua Kiingereza, ila Jesca, binti anayewaongoza wageni, alishamsomea: alikufa akiwaokoa wageni wake.

Asubuhi hiyo mgeni mmoja wa kike, mrefu, miguu imejaa malengelenge, alikuwa chini ya bango akipigwa picha. Aliegemeza kichwa chake kwenye shavu la Mfaume, akatabasamu.

"Shemeji, chai bado?" Dadi aliuliza kutoka kwenye mahema. Dadi alikuwa mdogo wake Mfaume, na sasa ndiye mkubwa wa wapagazi, mwenye filimbi shingoni.

"Moshi huu unauona. Ukiwa na haraka njoo upulize wewe."

Dadi alicheka kidogo, akageukia mizigo. Tangu siku ya maziko hakuwahi kumtazama Saida usoni kwa muda wa kutosha kumaliza sentensi.

Njia yenyewe inaanzia pwani ya Msimbati. Wageni hutembea kwa siku kadhaa, mizigo yao ikiwa migongoni na vichwani mwa watu. Hupita mchangani, huingia kwenye mikoko, hukatisha mashamba ya mikorosho na mihogo ya watu ambao hawakuulizwa, mpaka wanatokea upande wa Mahurunga, ambako gari la kampuni huwasubiri na soda za baridi. Kambi ilikuwa kituo cha mwisho. Kilichobaki mbele yake ni mkondo wa Nambunda, mkono wa Ruvuma unaojaa na kupwa pamoja na bahari, na baada ya mkondo, mwendo mfupi tu hadi kwenye gari.

Mwenye kampuni aliitwa Elia, lakini wote walimwita Mkurugenzi. Alikuwa mtoto wa hukuhuku, akafanya kazi serikalini mjini Mtwara, akaiacha akiwa na nyumba ya ukuta mrefu mtaa wa Rahaleo na marafiki wanaopokea simu zake. Njia yake alikuwa hajawahi kuitembea. Wageni walipofika mwisho walimkuta ndani ya gari, viatu vinang'aa, akiwapongeza. Safari hii alitembea nao tangu Msimbati, kwa kuwa hawakuwa watalii wa kawaida. Walitoka kwenye shirika la nje lililotaka kumsaidia kuirefusha njia, na walikuja na mpiga picha.

Saida alikuwa amemngoja kwa misimu miwili. Alipika, akaosha vyombo, akasimulia, akaitika "ndiyo, Mkurugenzi" kwenye simu ya Dadi, na muda wote alimngoja kama mtu anavyongoja jipu liive. Sasa alimwona akitoka kwenye hema kubwa, kaptura mpya, fulana imemkaa tumboni, akipiga miayo. Alinawa uso kwa maji ya kunywa ambayo Saida aliyabeba kichwani kutoka kisimani.

"Habari ya asubuhi, mama yetu," alisema. "Leo usimulie vizuri. Hawa ni watu wakubwa."

"Nitasimulia, Mkurugenzi."

*

Siku ya kifo cha Mfaume ilikuwa mwisho wa masika. Wageni wa siku ile walifika ukingoni wamechoka, wanawahi ndege ya jioni, na mtumbwi wa kuvushia haukuwepo. Mkurugenzi alikuwa ameuagiza ukabebe saruji ya nyumba za wageni alizokuwa anajenga ufukweni. Jesca akampigia simu. Aliweka sauti ya nje ili wapagazi wasikie, na wote walisikia.

"Maji ya magotini hayo! Mnawachelewesha wageni kwa maji ya magotini? Mwambie Mfaume aingie apime. Kama anaogopa arudi kwa mke wake. Wanaotaka kazi wako wengi."

Mfaume alivua shati, akampa Dadi alishike, akachukua fimbo, akaingia. Maji yalimfika magotini kweli. Yakamfika kiunoni. Yakamfika kifuani. Waliokuwepo walisema hakupiga kelele hata moja. Aligeuka tu ghafla, kama mtu aliyeitwa kwa jina. Fimbo ilibaki imesimama majini peke yake, imekwama kwenye tope, kisha nayo ikalala.

Walimtafuta kwa siku mbili kuelekea mdomoni mwa mto. Sanda ilinunuliwa ya mtu mzima, na nyingi ilibaki.

Saida akakaa eda. Kwa miezi yote ile alikuwa ndani, kanga nyeupe, mlango umeegeshwa, akisikia tu sauti za watu uani wakimzungumzia. Mkurugenzi alikuja na magunia ya mchele, akavua viatu kizingitini kwa adabu kubwa, akazungumza na wanaume barazani. Dadi ndiye aliyesema kwa niaba ya ukoo. Alisema ni mipango ya Mungu. Alisema familia haina kinyongo. Mwezi uliofuata alipewa filimbi, na kijiji kikaahidiwa bati za madrasa.

Saida alipotoka eda alikwenda kwa mtendaji wa kijiji. Alisema anataka kushtaki. Mtendaji alimsikiliza hadi mwisho, akaweka kalamu chini.

"Mama Latifa, mamba tumpeleke mahakama gani?"

Watu waliokuwa kwenye benchi walicheka. Hawakuwa watu wabaya. Baadhi yao walichimba kaburi.

Wiki ileile ulikuja ujumbe kuwa kuna kazi ya kupika kambini, na kwamba wageni watafurahi kumwona mjane mwenyewe. Mikorosho ilikuwa imekauka maua kwa kukosa salfa ya kupulizia, na binti yake Latifa alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa kukosa sare. Saida akaenda. Jesca alimfundisha maneno ya kusema, akayarudia mpaka yakakaa. Kila kundi jipya lilipofika, alisimama chini ya bango, akamwelezea Mfaume ambaye hakuwahi kumfahamu.

*

Wageni walikaa kwenye mikeka wakiwa na vikombe. Mkurugenzi alikaa katikati yao, chapati mkononi. Kulikuwa na sahani ya ming'oko, mizizi ya porini iliyochemshwa, ambayo kila mgeni aliipiga picha, na wachache wakaionja.

Saida alifuta mikono kwenye kanga, akasimama mahali pake.

"Mume wangu aliitwa Mfaume," alianza, kama siku zote. Jesca akatafsiri. "Alizaliwa Mahurunga. Alikuwa mkulima." Jesca akatafsiri. Hapo palifuata maneno kuhusu ushujaa. Saida aliyaruka.

"Hakuokoa mtu. Hakuna aliyekuwa anazama. Alitumwa aingie majini na huyu aliyekaa pale, anayekula chapati yangu. Alimtuma kwa simu, kwa sababu mtumbwi alikuwa ameupeleka kubeba saruji yake. Waambie hivyo, Jesca. Neno kwa neno."

Wapagazi waliacha kufunga mizigo. Jesca alimtazama Mkurugenzi, na Mkurugenzi, bila kuacha kutafuna, aliinamisha kichwa kidogo kama mtu anayetoa ruhusa.

Jesca akasema Kiingereza kirefu, kirefu kuliko maneno ya Saida, kwa sauti iliyotetemeka, na ule mtetemo ulimsaidia. Mgeni mmoja aliweka mkono kifuani. Yule mwanamke mrefu aliinuka macho yamelowa, akamkumbatia Saida kwa nguvu, akamnong'oneza kitu. Kisha akaenda kwa Mkurugenzi, akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili, akautikisa kwa heshima.

Hapo Saida akajua.

Alimfuata Jesca nyuma ya mahema. "Umewaambia nini?"

"Mama Latifa, nisamehe. Hawa wakiondoka hakuna njia tena, na njia ikifa hapa kila mtu—"

"Nimekuuliza umewaambia nini."

Jesca alitazama chini. "Nimewaambia kabla hajaingia alisema, afadhali niende mimi kuliko wageni. Na kwamba Mkurugenzi anakutunza wewe na mtoto."

"Kwa hiyo umemtungia mpaka maneno ya mwisho."

Jesca akaanza kulia. Saida hakuwa na nafasi ya machozi ya mtu mwingine. Alizikusanya sufuria.

*

Mtumbwi ulilindwa na Mzee Omari, aliyelala kwenye kibanda cha makuti ukingoni. Saida alisimama mbali akamwita.

"Mzee Omari, njoo ule. Ming'oko imebaki mingi, na chai iko na maziwa leo."

"Mungu akubariki, mwanangu." Alikuja akijikongoja, msuli aliojifunga umemlegea kiunoni.

Alipomwona ameketi na kuanza kumenya, Saida alishuka majini na sufuria zake. Maji yalikuwa yanatoka. Yalipita kwenye mizizi ya mikoko kwa mwendo wa chinichini, yakibeba majani na povu kuelekea baharini. Mtumbwi ulikuwa unavuta kamba yake. Fundo lilikaza kwa kulowa, vidole havikuliweza, basi aliinama akaling'ata. Alilegeza uzi baada ya uzi kwa meno mpaka kamba ikaachia mzizi. Akauweka mguu kwenye ubavu wa mtumbwi, akausukuma.

Uligeuka mara moja, kama unaouliza, kisha ukashika mkondo. Saida aliutazama mpaka ukapotea kwenye kona. Mdomoni mwake kulikuwa na ladha ya katani na tope, na hakuitema. Kwa mara ya kwanza tangu kifo kile alijisikia ameshiba.

Alisugua sufuria kwa mchanga, taratibu, hadi zikang'aa. Aliipanga hesabu yake kichwani. Mtumbwi haupo. Gari liko ng'ambo. Wageni wakubwa wako hapa, na mpiga picha wao. Safari hii hakuna simu ya kujificha nyuma yake. Ama Mkurugenzi aingie mwenyewe kwenye maji yake ya magotini, ama aseme mbele yao kwa nini haingii. Na akiingia, basi. Kilichomo mle hakimjui Mkurugenzi wala mpagazi.

*

"Mtumbwi uko wapi?"

Mzee Omari alikuwa bado na kipande cha mng'oko shavuni. Aliutazama mkondo juu na chini. Aliutazama mzizi uliokuwa umefungiwa kamba. Kisha akamtazama Saida, kwa muda mrefu. Akameza.

"Nilikuwa nakula, Mkurugenzi."

"Ulikuwa unakula." Mkurugenzi alitabasamu kwa ajili ya wageni, lakini sauti ilikuwa kavu. "Basi kuanzia sasa ukale kwako. Kazi huna."

Omari hakumtaja mtu. Alisimama tu, mikono ikining'inia. Saida alikuwa hajamfikiria. Katika hesabu yake yote, mzee huyu alikuwa mtu wa kuondolewa pale kwa sahani, basi. Wazo hilo lilimchoma, akalikanyaga. Alipita katikati ya wapagazi mpaka mbele.

"Mkurugenzi, tangulia."

"Mama, rudi kwenye vyombo."

"Vyombo nimeosha. Ulisema ni maji ya magotini. Dadi alisikia, Jesca alisikia, hawa wote walisikia. Wageni wanachelewa. Tangulia, tutakufuata."

Mpiga picha aliinua kamera. Yule mwanamke mrefu alimuuliza Jesca jambo. Jesca hakutafsiri. Alifumba mdomo, akatazama mchanga, na Saida aliona hilo kuwa ni ushindi mdogo.

Mkurugenzi alijibu mwenyewe kwa Kiingereza, kwa kucheka, na wageni nao wakacheka. Kisha akaja akamwekea Saida mkono begani kama kaka, akaubana mpaka mfupa ukauma.

"Latifa yuko darasa la ngapi sasa?" aliuliza polepole.

Saida aliutazama mkono ule begani mwake.

"Mtoto ana akili yule. Mwalimu mkuu namfahamu. Usinifanye nianze kumfikiria vibaya."

Alimwachia, akawageukia wapagazi, sauti juu. "Wanaume wa Mahurunga! Nani anaujua mkondo huu?"

Hakuna aliyesogea. Walitazama vidole vya miguu yao. Nzi walisikika kwenye mizigo ya vyakula. Saida aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona: jasho juu ya mdomo wa Mkurugenzi. Likatiririka, na Mkurugenzi akalilamba. Kimya kile kilikuwa chake, Saida. Alitamani kirefuke mpaka kimmeze mtu.

Dadi akavua filimbi.

Akavua na shati. Akageuka kutafuta wa kulishika, na hakuna aliyenyoosha mkono, akalitupa mchangani.

"Dadi, usiingie," Saida alisema. "Shemeji, nakuomba. Si wewe niliyemtaka."

Kwa mara ya kwanza Dadi alimtazama sawasawa.

"Najua unayemtaka. Lakini tazama pale." Alionyesha kwa kidevu. Mzee Omari alikuwa ameshaukunja msuli mpaka mapajani, ameshika fimbo, miguu yake myembamba ikiwa ndani ya maji. "Nisipoingia mimi ataingia yule, arudishiwe kazi. Akikataa yule, ataingia mwingine. Hawezi kukosa mtu, shemeji. Ndiyo maana unamwona ametulia."

Alimshika Omari mkono, akamrudisha nchi kavu, akaichukua fimbo.

Maji yalimfika magotini. Yalimfika kiunoni. Saida alikuwa ameuma upindo wa kanga, hasomi dua, hapumui. Wapagazi waliingia ukingoni wakaanza kuyapiga maji kwa magongo na makasia kutisha kilichomo. Dadi alizama mpaka kifuani, akayumba, akaendelea. Kisha mabega yakatoka, mgongo ukatoka, akapanda ng'ambo kwa mikono na magoti.

Wageni walishangilia. Walivua viatu vyao vizito, wakavifunga kamba na kuvivaa shingoni, wakaingia katikati ya mistari miwili ya wanaume wanaopiga maji. Walicheka kwa baridi na kwa woga. Mwanamke mrefu alipiga ukelele alipokanyaga tope. Mpiga picha alivuka kamera ikiwa juu ya kichwa, akafika, akageuka kupiga wanaokuja.

Mkurugenzi alibaki ukingoni. Alitazama maji, akatazama viatu vyake. Dadi alirudi kumfuata bila kuitwa. Alichuchumaa mbele yake, na Mkurugenzi akampanda mabegani, mguu huku na mguu huku, kama watoto wanavyobebwa siku ya Idi. Dadi aliinuka kwa kuguna.

Saida alikuwa wa mwisho. Alizipanga sufuria moja ndani ya nyingine, akazitwika, akazishika kwa mkono wa kushoto, akaingia. Maji yalikuwa na ubaridi wa mtoni juu na uvuguvugu wa baharini chini. Magongo yalikuwa yamesogea mbele na wageni. Walipokuwa wao watatu maji yalikuwa kimya.

Katikati ya mkondo Dadi aliteleza. Akasimama kutafuta pumzi, tope limemshika vifundoni. Mkurugenzi alimkumbatia kichwa kwa mikono yote miwili, vidole vimeziba nusu ya macho yake.

"Twende, twende, unasimama nini?"

Saida alikuwa ameshawafikia. Maji yalimgusa matiti. Mbele ya uso wake, karibu kiasi cha kuinusa, ilikuwa shingo ya Mkurugenzi, mikunjo mitatu iliyonyolewa vizuri, sabuni imekaukia nyuma ya sikio. Chini ya shingo ile kulikuwa na mabega ya Dadi yanayotetemeka. Ng'ambo walikuwa wanapiga makofi kwa mdundo, wakiwaita.

"Shemeji," Dadi alisema bila kugeuka, kwa sauti ya chini. "Uko nyuma yangu?"

Mkono wa kulia wa Saida ulikuwa mtupu. Ulikuwa umeshatoka majini.